Kile kimya cha chumba cha altrasaundi

Ukikaa benchi la kliniki ya wajawazito hapa Malindi, asubuhi yoyote ile, utasikia wamama wanaulizana swali moja, "Wewe kule ndani kakwambia nini?" na jibu mara nyingi ni lile lile, "Hakuniambia kitu, kanyamaza tu." Basi hapo kila mmoja anaanza kukipigia ramli kile kimya. Huyu anasema mtoto atakuwa ana kasoro, yule anasema labda ni pacha, mwengine anasema ni mtoto wa kike na hawataki kumwambia mumewe. Na aliyetoka ndani amekaa pale na bahasha yake mkononi, macho yako chini, hajui ashike lipi.

Mimi mimba yangu ya kwanza, wiki ya 20 na kitu, nilienda kupiga picha ya altrasaundi kwa kliniki moja ya kulipia, nimekunywa maji vile nilivyoambiwa mpaka kutembea ni kazi. Nikapandishwa kitandani, jeli ya baridi ikamwagwa tumboni bila hata kuambiwa inakuja, skrini imeelekea kwake yeye, na yule bwana akaanza kusogeza kile kifaa huku mkono wa pili uko kwa kibodi, dakika kumi, kumi na tano, neno hakuna. Mara akakunja uso. Akatoka, akarudi na mwenzake, wakasimama wote wawili wanaangalia wanaongea Kiingereza kwa sauti ya chini, mimi niliyelala pale nikadaka neno "plasenta" tu. Kisha nikaambiwa, "Vaa, ungoje ripoti nje." Nilingoja nje saa nzima. Nilimpigia mamangu nikamwambia aje manake mtoto ana neno, na mamangu alitoka Mambrui na matatu analia njia nzima.

Ripoti ilipotoka ilikuwa inasema kondo la nyuma, ndiyo hiyo plasenta, limekaa chini, nirudi wiki ya 32 kuangaliwa tena. Kumbe ni jambo linaloonekana sana katikati ya mimba, na karibu mara tisa kati ya kumi kondo linakuwa limepanda kabla ya siku za kuzaa, manake uterasi, yaani mji wa mimba, inavyokua ile sehemu yake ya chini inanyooka na kondo linasogea mbali na mlango wa uzazi. Langu pia lilipanda. Si kwamba ni kitu cha kupuuza, ukiona damu unakimbia hospitali hungoji kesho, lakini maelezo yote ndiyo hayo, ni sentensi mbili tatu, na mtu angeniambia pale pale kitandani mamangu hangelia kwenye matatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza. Nimeuliza wauguzi, nimeuliza jamaa zangu walio kwenye hii kazi, nimeuliza hao hao wanaopiga hizi picha, nataka kujua kile kimya kinatoka wapi. Na nilichokuja kuelewa ni kwamba si kimya kimoja. Kuna kimya cha mtu aliye kazini, kuna kimya cha mtu ambaye kazi ya kusema si yake, na kuna kimya cha mtu aliyeona jambo zito hajui aanzie wapi. Ukiwa umelala pale vyote vinafanana.

Tuanze na hicho cha kazi manake ndicho cha mara nyingi zaidi. Altrasaundi haipigi picha kama simu. Inatuma sauti, sauti ambayo sikio letu haliwezi kuisikia kwa sababu sikio linaishia kwenye hetsi 20,000 hivi na kile kifaa cha tumboni kinatuma kama megahetsi 2 hadi 5, yaani mamilioni. Sauti inaingia, inagonga, inarudi, na kompyuta inachora kutokana na ule mwangwi. Wavuvi wetu wanaelewa hii haraka kuliko wengine manake ile mashine ya kutafutia samaki kwenye boti inafanya kazi hivyo hivyo, na hata kule Glasgow, daktari Ian Donald na wenzake walipoanza haya mambo miaka ya 1950, kabla ya makala yao ya 1958 iliyoujulisha ulimwengu, walianzia na mashine ya kutafutia kasoro kwenye chuma. Hamna mionzi kama ya eksirei hapo, na hili nalisema manake bado kuna wamama wanaogopa. Na sauti hiyo haipiti vizuri kwenye hewa, ndo sababu ya ile jeli, na ndo sababu ya kuambiwa ujaze kibofu hasa mimba ikiwa changa, kibofu kikijaa kinausukuma utumbo wenye hewa pembeni na kinakuwa kama dirisha la kuchungulia.

Sasa huyu anayeangalia haoni mtoto mzima kama unavyodhani. Anaona kipande chembamba tu, kama kukata boflo ukawa unaangalia slesi moja moja, na boflo lenyewe linageuka na kupiga mateke. Kwenye skani ya katikati, ile ya wiki 18 hadi 22, inabidi apime upana wa kichwa, mzunguko wa kichwa, mzunguko wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja, ndo hizo herufi BPD, HC, AC na FL unazokuta kwenye karatasi, halafu atafute vyumba vinne vya moyo, uti wa mgongo, figo, tumbo, mdomo, mikono, miguu, kondo liko wapi, maji yako vipi. Ni kama mtu anayehesabu burungutu la pesa, ukimsemesha anaanza upya. Kunyamaza hapo ni haki yake, na mimi ningependa anyamaze apime sawasawa kuliko apige soga arukwe na kitu, hasa ukikumbuka kwamba kwa mama wengi hiyo ndiyo skani pekee watakayopata, manake hata Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linachopendekeza ni moja kabla ya wiki 24.

Lakini mama hajui kwamba ni kuhesabu. Hapo ndo inapotakiwa ile sentensi moja ya mwanzo, na nimeshaisikia ikisemwa vizuri kabisa kwa hivyo najua inawezekana: "Mama, naanza kuangalia sasa. Ntakuwa kimya kidogo manake napima, usije ukadhani kuna ubaya. Nikimaliza ntakugeuzia skrini nikuonyeshe." Sekunde kumi hazifiki. Haihitaji mashine mpya wala bajeti ya kaunti. Na inabadilisha kila kitu kinachofuata, kwa sababu hata akikunja uso wewe ushajua anatafuta figo.

Kimya cha pili kinawachanganya watu zaidi na kwa kweli hata mimi kilinichukua muda. Anayesogeza kile kifaa mara nyingi ni rediografa au sonografa, amesomea kuchukua picha na kupima. Anayeandika ripoti na kusema maana yake mara nyingi ni daktari wa redioloji, na huyo si lazima awe kwenye jengo, kuna vituo picha zinatumwa kwa intaneti zinasomwa mji mwengine kisha majibu yanarudi. Na atakayekwambia nini kifanyike ni mtu wa tatu, daktari wako wa kliniki au mkunga. Kwa hivyo ukimuuliza yule wa kwanza "mtoto yuko sawa?" unamuuliza swali ambalo ameambiwa na wakubwa wake asilijibu, na akilijibu kisha ripoti ikasema vingine, lawama ni lake. Akisema "utaelezwa na daktari" mara nyingi hafichi kitu, anafuata mpaka aliowekewa.

Mpaka huo una mantiki, sikatai. Tatizo ni pale unapofanywa ukuta wa kutosema lolote. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema nilichokiona na kusema kinamaanisha nini. "Moyo unapiga, huu hapa" ni kitu anachokiona yeye na wewe unakiona, hakuna haja ya kungoja ripoti kutoka Mombasa. "Kuna sehemu sikuiona vizuri, nitamwita mwenzangu tuangalie pamoja" pia anaweza kusema, na ndiyo sentensi niliyoikosa mimi siku ile wale mabwana wawili wamesimama juu ya kichwa changu. Na hata kama hawezi kusema zaidi anaweza kusema nani atasema na lini: "Majibu atakupa daktari chumba namba nne, leo hii kabla ya saa nane." Mtu anayejua anangoja nini na mpaka lini si sawa na mtu aliyeambiwa "ngoja nje".

Tena hili si la hisani tu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, vipimo na njia za matibabu zilizopo, na inataka ikiwezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Hospitali inaweza kugawa kazi nani aseme nini, hilo ni lake, lakini mwisho wa siku lazima mtu aseme, na aseme kwa lugha ya mama. Huku kwetu hiyo maana yake si Kiswahili tu. Kuna mama mzima anatoka Marafa, Kiswahili cha hospitali kinampita, mkalishe na muuguzi anayejua Kigiriama dakika tano. Kuna wa Faza na Kizingitini, kule Lamu, wanaozungumza Kibajuni nyumbani, wanaitikia "ndiyo" kwa heshima tu, na ndiyo ya heshima si ndiyo ya kuelewa. Ukitaka kujua kama ameelewa mwambie akurudishie kwa maneno yake, "ukifika nyumbani utamwambiaje mamako?"

Haya, kimya cha tatu.

Hiki ndicho kila mama anakiogopa na ndicho kilicho kigumu kwa pande zote mbili. Chukua mimba changa, mama amekuja ana damu kidogo, picha inapigwa na mapigo ya moyo hayaonekani. Unadhani jibu ni moja, lakini sivyo. Wiki ya tano na kitu moyo unaweza usionekane na mimba ikawa nzima kabisa, mama alikosea tarehe tu, na wengi wetu mzunguko wetu hautabiriki. Ndo maana madaktari wamejiwekea vipimo vikali kabla ya kutamka kwamba mimba imeharibika: kwa picha ya kupitia ukeni kiumbe kiwe kimefika milimita 7 na hakina mapigo, au kile kifuko kiwe kimefika wastani wa milimita 25 na ndani hamna kitu. Chini ya hapo hawatamki, wanasema rudi baada ya siku 7 hadi 14. Mama anayeambiwa "rudi wiki ijayo" bila maelezo anaona anazungushwa, ama anaona wanajua na wanamficha, kumbe ni kwa sababu hawataki kumtangaza maiti aliye hai. Akiambiwa hivyo hivyo kwa maneno mepesi atangoja kwa uchungu, ndiyo, lakini atakuwa anajua sababu ya kungoja.

Na kama jambo limethibitika, liseme. Uingereza mwaka 2020 wataalamu na mashirika ya wazazi walikaa pamoja wakatoa mwongozo wa namna ya kutoa habari zisizotarajiwa kwenye chumba cha altrasaundi, na mambo yaliyomo kwa kweli hayahitaji digrii: usimuache kwenye kimya kirefu, sema wazi badala ya kuzunguka, usijifanye unajua mama anahisi vipi juu ya hiyo mimba, kuwa mpole. Neno analotumia mama ndilo utumie na wewe, yeye akisema "mwanangu" usimrudishie "kijusi".

Sisi tuna la ziada la kuangalia, nalo ni neno pole. Pole yetu ni pana mno, unapewa ukijikwaa mlangoni na unapewa ukifiwa. Mhudumu akisema "pole mama" halafu akanyamaza, mama hajui kama ni pole ya jeli kuwa baridi ama ni pole ya msiba. Mimi naona pole ije baada ya habari. Kwanza "Mama, nimeangalia kwa makini na mwenzangu pia ameangalia, moyo wa mtoto haupigi," kisha unyamaze, na hapo kimya ni chema manake ni cha kumuachia nafasi, kisha pole. Hali kadhalika "ni mapenzi ya Mungu". Sisi ni watu wa dini na maneno hayo yatasemwa, yatasemwa nyumbani na mama na shangazi na imamu au padri, lakini mhudumu akiyatanguliza kabla ya kueleza kilichotokea ni kama amefunga mlango wa maswali, nani tena atauliza baada ya Mungu kutajwa? Muache aulize kwanza, muache alie.

Jambo jengine ni nani awe chumbani. Wako wanaotaka mume aingie, wako wanaotaka mamake, wako ambao mama mkwe yuko nje na hawataki ajue kitu mpaka wao wenyewe wajue. Usiite jamaa wote ukawamwagia habari, muulize mwenyewe ungependa nani awe nawe. Na usimtoe mtu aliyepata habari hiyo kupitia kwenye lile benchi la wenye matumbo, kama kuna mlango mwengine mpitishe huo, kama hakuna muache akae ndani dakika kumi ajifute uso. Lamu hili ni zito zaidi kwa sababu mwenye kutoka Faza au Kizingitini amekuja na boti, amelipa nauli, boti ina saa yake ya kurudi, na ukimwambia "njoo kesho" umemwambia atafute pa kulala kisiwani na habari hiyo kifuani akiwa peke yake. Kabla ya kusema kesho muulize anatoka wapi.

Kuhusu mwili wenyewe ntasema kwa ufupi manake halihitaji mjadala. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Mfunike leso mpaka pale panapohitajika tu. Picha ya kupitia ukeni si adhabu wala si aibu, inatoa picha safi zaidi mimba ikiwa changa, lakini lazima aelezwe na akubali, anaweza kukataa, anaweza kuomba mhudumu wa kike au muuguzi wa kike asimame pale, na kwa picha hiyo kibofu kinatakiwa kiwe kitupu, si kama ile ya tumboni. Kumwambia mwanamke "vua" bila sentensi nyengine ni ukosefu wa adabu.

Halafu kuna ile karatasi. Unapewa, unasoma kwenye tuktuk, unajimaliza mwenyewe. Habari zake mbili zinatisha watu bure. Moja ni mtoto kutanguliza matako wiki ya 20, hapo ana nafasi ya kuogelea, atageuka mara nyingi kabla ya siku yake. Ya pili ni tarehe ya kujifungua, umepiga picha tatu umepata tarehe tatu, unasema mashine mbovu. Ile ya miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ya kushika, inakosea siku tano hadi saba hivi, zile za mwisho zinaweza kukosea hata wiki tatu kwa sababu wakati huo watoto washaanza kutofautiana kwa ukubwa. Uzito nao ni makadirio, asilimia 15 juu au chini ni kawaida. Iandikeni tarehe ya mwanzo kwenye kijitabu cha mama na mtoto na mumwambie mama kwamba ndiyo hiyo, zikija nyengine asihangaike. Na hata ripoti nzuri isemwe kwa kipimo chake, "kwa yale niliyoweza kuyaona leo sijaona shida" ni kauli ya kweli zaidi kuliko "mtoto hana shida yoyote", manake kuna mambo altrasaundi haiyaoni.

Sitaki mtu asome hapa akadhani nawasema vibaya wahudumu. Nimewaona. Mashine moja, foleni mpaka nje, feni haizunguki, na mtu ametoka kumwambia mama mmoja kwamba mwanawe amefariki tumboni, dakika tatu baadaye anaingia mwengine anacheka anataka kujua ni wa kike au wa kiume, na inabidi acheke naye. Nani alimfundisha kubeba hivyo? Mradi wa Heshima hapa Kenya uliuliza wamama zaidi ya 600 waliojifungua kwenye vituo 13, na mmoja kati ya watano alisema alidharauliwa au kutendewa vibaya kwa namna fulani. Ile ilikuwa juu ya kujifungua, si skani, lakini inaonyesha kwamba si tabia ya mtu mmoja mbaya, ni namna kazi ilivyopangwa na ni kitu ambacho watu hawakufundishwa. Kupima mfupa wa paja unafundishwa na unapasishwa mtihani. Kusema na mwenye paja pia kungefundishwa hivyo hivyo.

Kwa upande wetu wamama nasi tuzoee kuuliza, kwa adabu lakini tuulize. Mwanzoni kabisa, kabla ya jeli: "Dada, utaniambia unachokiona au nitaambiwa na daktari?" Kama hutaki kujua ni wa kike au wa kiume sema hapo hapo kabla hajateleza ulimi. Akikunja uso muulize, "umeona nini?" Mwishoni muulize majibu ni lini na kwa nani, na ukiambiwa urudi uliza ni kwa sababu gani. Hakuna anayeweza kukufukuza kwa hayo.

Mimba yangu ya pili nilipigwa picha na msichana mdogo tu, nafikiri hata hakuwa na muda mrefu kazini. Aliniambia jeli ina baridi. Aliniambia atanyamaza na kwa nini. Akapima, akapima, mara nikaona uso umekunjika vile vile kama wa yule bwana, moyo ukanipiga mpaka nikahisi atauona kwenye skrini, nikamuuliza, "Dada, umeona nini?" Hata hakuondoa macho pale. "Kalala kanipa mgongo, nautafuta moyo siupati vizuri. Hebu geukia ubavu wako wa kushoto, mama, tumngoje." Nikageuka ubavu, tukamngoja.